Tulimpima Mimba, Hatukumuuliza Uzazi

Kisa hiki nimekishona kutoka kwenye visa zaidi ya kimoja vya wodi ya damu ninakofanya kazi ya uuguzi, na yale yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyageuza. Dawa, vipimo na mwenendo wa ugonjwa nimeviacha vilivyo. Mgonjwa nitamwita Binti, kwa sababu ndivyo mama yake alivyokuwa akimtaja mbele yetu: "Binti yangu hajala", "Binti yangu anauliza maji". Kwa miezi miwili ya kwanza karibu kila tulichojua kuhusu Binti tulikisikia kwa mdomo wa mama yake, na humo ndimo kosa letu lilimojificha.

Wakati huo alikuwa na miaka 23, yuko mwaka wa pili chuoni, kwao Mbagala. Mama anauza vitenge Kariakoo. Baba hayupo duniani, na mwenye sauti ya mwisho nyumbani ni kaka yake, dereva wa malori ya Tunduma. Kulikuwa na mchumba pia. Barua ya posa ilishajibiwa, mahari bado.

Alifika kwetu Jumatatu jioni baada ya wiki tatu za kuzungushwa. Zahanati ya kwanza ilisema malaria, ya pili ikasema yutiai, ya tatu ikasema damu imepungua, akaambiwa anywe rozela na kula matembele. Homa alikuwa ameizoea. Kilichomtoa nyumbani ni hedhi. Ilikuwa siku ya 12 na haikatiki, pedi anabadilisha kila saa, na asubuhi hiyo alipopiga mswaki povu lilitoka jekundu. FBP, kile kipimo cha hesabu ya damu, ilisoma himoglobini 5.2, chembe nyeupe 84,000, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 11,000. Mtu mzima chembe sahani zake huanzia 150,000. Kijana wa maabara alipiga simu wodini kabla hajaleta karatasi, na aliyewahi kufanya kazi kwenye wodi ya damu anaijua simu ya namna hiyo.

Jumanne uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unakotengenezwa damu, ulivutwa kwenye mfupa wa nyonga. Jumatano jibu likatoka: lukemia kali ya mailoidi, saratani ya damu ile inayokwenda mbio. Ijumaa dripu ya kwanza ya kemo ikatundikwa.

Kati ya Jumatano na Ijumaa ipo Alhamisi, na Alhamisi ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla ya kemo kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa hupimwa mimba. Nilimpa Binti kikopo mwenyewe. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anamenya chungwa. Aliposikia neno "mimba" kisu kikasimama, akamwangalia mwanawe, halafu akaniangalia mimi. Nikasema ni utaratibu tu wa hospitali. Binti akaenda chooni ameshikwa mkono, akarudi, kipimo kikasoma hasi, nikaandika kwenye faili: mimba, hasi. Mama akaendelea na chungwa lake. Ukifungua faili lile leo, katika kurasa zote za wiki ya kwanza hilo ndilo neno pekee linalokumbuka kwamba mgonjwa huyu ana kizazi. Tulitaka kujua kama kuna mtoto tumboni wa kudhuriwa na dawa. Kama angependa kuja kuwa na mtoto siku moja, hakuna aliyeuliza.

Je, kama tungeuliza, tungefanya nini? Hapa niwe mkweli, maana wapo wanaosoma habari hizi mitandaoni na kudhani kila msichana mwenye saratani angeweza kwanza kugandishiwa mayai. Kuvuna mayai kunataka sindano za homoni siku 10 hadi 14, kisha sindano ndefu inayopita ukeni hadi kwenye ovari kufyonza yai moja moja. Mgonjwa wa saratani ya matiti mara nyingi ana wiki hizo mbili. Binti hakuwa nazo. Chembe nyeupe 84,000 zenye ugonjwa ni damu inayoanza kuwa nzito kama uji, wakati wowote inaweza kuziba mishipa ya mapafu au ya ubongo. Na huwezi kupitisha sindano kwenye ovari ya mtu mwenye chembe sahani 11,000, atavujia ndani ya tumbo. Kwa lukemia kali, mlango wa kwanza huwa umefungwa karibu kila mara. Waliomharakisha kwenye kemo walifanya sawa, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndugu mmoja, mama mdogo wake, alikuja na habari ya "sindano ya kulinda kizazi". Alikuwa ameisikia kwa jirani aliyetibiwa matiti. Sindano hiyo ipo, goserelini ni mojawapo, na kazi yake ni kuzilaza ovari zisifanye kazi kwa muda. Ushahidi wake mwingi umetoka kwa wagonjwa wa matiti. Kwa saratani za damu ushahidi ni hafifu, na sipendi inavyouziwa watu kama bima. Tena huingizwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene, kwa chembe sahani za Binti angebaki na uvimbe wa damu. Alichokihitaji siku ile ni hedhi ikatike. Alipewa vidonge vya norethisteroni pamoja na chembe sahani za kuongezewa, ambazo marafiki zake wa chuo walikuja kuzichangia. Siku ya nne hedhi ikasimama. Mama mdogo aliondoka akiamini tumemnyima mtoto wake dawa nzuri, na sina hakika kama hadi leo amebadili mawazo.

Hata hivyo kulikuwa na la kusema, na lilikuwa halizidi dakika mbili. Ovari ya mwanamke ni kama ghala lisiloletewa mzigo mpya. Anazaliwa na mayai kati ya milioni moja na mbili, akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na yatakayopevuka maishani mwake hayazidi mia chache. Dawa za saratani zinatofautiana sana katika kulivamia ghala hilo. Kemo ya kwanza ya Binti ilikuwa sitarabini siku saba na daunorubisini siku tatu. Dawa hizi hupiga zaidi seli zinazogawanyika, na mayai mengi ghalani yamelala, hayagawanyiki. Wanawake vijana wengi wanaotibiwa kwa dawa hizo peke yake siku zao hurudi, na wako wanaozaa. Dawa za kabla ya kupandikizwa uboho ni habari nyingine kabisa. Busulfani, siklofosfamaidi ya dozi kubwa, au mionzi ya mwili mzima, huyakuta mayai yamelala na kuyaua yakiwa hivyo hivyo. Baada yake wanawake wengi ovari zao hunyamaza moja kwa moja.

Kwa hiyo siku ile ya Alhamisi, "utazaa tu, usijali" lingekuwa neno la uongo, na "hutazaa tena" lingekuwa la uongo vilevile. Ningeweza kumwomba mama akatununulie maji chini, nikakaa kitandani na kusema: "Mdogo wangu, dawa unazoanza kesho mara nyingi haziui mayai. Ila ikija kuonekana unahitaji kupandikizwa uboho, dawa za wakati ule zinaweza kuyakausha. Tukifika huko tutaongea kabla, mimi na wewe na daktari. Kwa sasa tupambane na damu kwanza." Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa mazungumzo haya mwaka 2006, na unataka yafanyike mapema, kabla tiba haijaanza. Mimi mwongozo huo niliusoma semina moja, nikapewa na cheti.

Wiki nne baadaye uboho ulipimwa tena, ukawa safi. Wodi nzima ilifurahi, mama akaleta birika la maziwa ya tangawizi na vitumbua. Zikafuata duru mbili za sitarabini ya dozi kubwa. Majibu ya vinasaba yalisema ugonjwa wake ni wa aina inayopenda kurudi, daktari bingwa akashauri upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu. Kaka yake alipimwa, vipimo vyao vikalingana. Hospitali ikapatikana India, michango ikaitishwa, kikundi cha WhatsApp cha ukoo kikafunguliwa na mjomba akawa mweka hazina. Ilibaki kama miezi miwili waondoke.

Hakuna kati yetu aliyerudi kwenye ule mlango wa kwanza kusema: jamani, sasa kuna mwingine umefunguka. Aliyeuona ni Binti mwenyewe. Siku moja kliniki, mama yuko dirishani analipia vipimo, alinivuta mkono kwenye korido. Kichwa amefunga mtandio mweusi, nywele zimeanza kuota kama za mtoto mchanga. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: "Sista, eti nikirudi kutoka India sitaziona tena siku zangu?" Nikamuuliza nani amekwambia. "Nimesoma mwenyewe. Wiki tatu sasa. Nilikuwa naogopa kuuliza mbele ya mama."

Wiki tatu! Kati ya wiki chache alizokuwa nazo, tatu ameziishi na swali hilo peke yake usiku.

Watu huuchanganya mlango huu wa pili na ule wa kwanza, wakidhani kilichoshindikana siku ya kwanza kimeshindikana moja kwa moja. Mgonjwa aliyepata nafuu kamili, chembe sahani zimepanda, kinga imerudi, anaweza kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Muda upo, mfupi, kati ya duru ya mwisho ya kemo na safari ya upandikizaji. Ukishapita huo, hauko wa tatu.

Daktari bingwa, sifa zake nitazitoa hapa, hakujitetea. Siku hiyo hiyo alimwandikia rufaa kwenda kliniki binafsi ya upandikizaji mimba hapa jijini. Nilikwenda nao. Ultrasaundi ilionyesha vifuko vitano tu vya mayai kwa ovari zote mbili, na homoni ya AMH, inayokadiria akiba iliyobaki, ilikuwa 0.4, chini sana kwa msichana wa miaka 23. Daktari wa pale alieleza bila kupamba. Hupungua hivi baada ya kemo na huweza kupanda tena miezi ikipita. Akianza sindano sasa huenda akapata mayai mawili au matatu. Tena yai linalokomaa leo limeanza safari yake ya kukua miezi kadhaa nyuma, maana yake lilikuwa njiani wakati kemo inapita, na ndiyo sababu wataalamu wengi hushauri kusubiri baada ya dawa kabla ya kuvuna. Kusubiri ndiko tusikoweza. Halafu akataja bei. Ilikuwa ya tarakimu nane. Mama alifungua pochi, akaifunga.

Hapo ndipo mama mkubwa alipotoa wazo lake, na nalieleza kwa sababu nimelisikia kwa familia zaidi ya moja. Kwa nini wasifungishwe ndoa wiki hii hii, mahari itafuata, mbegu za mume zichanganywe na mayai, ukagandishwa mtoto kabisa? Kwa masikio ya familia lilisikika kama suluhisho la yote: heshima, dini na kizazi kwa mpigo. Shekhe wa msikiti wao aliulizwa, akasema mayai ya mwanamke kuhifadhiwa yakaja kutumika na mumewe ndani ya ndoa yeye haoni tatizo. Kuhusu ndoa ya haraka akasema muulizeni binti kwanza.

Mimi nililipinga, na wala sikuzunguka. Yai ni la mwanamke peke yake. Kiinitete, yaani yai lililokwisha kuchanganywa na mbegu, ni cha wawili, na siku wawili wakiachana, ndoto yake ya uzazi inakuwa mikononi mwa mtu aliyeondoka. Binti alisikiliza wote tukibishana, kisha akasema hataki kuolewa akiwa na mpira wa dripu kifuani. Kwa taarifa tu: yule mchumba wake alioa mwingine baada ya Idi.

Ndani ya mlango huo huo wa pili likabaki jambo la mwisho, ambalo kwa lukemia lina utata wake. Ngozi ya juu ya ovari ndiyo yenye mayai yaliyolala. Inawezekana kuitoa kwa upasuaji wa matundu madogo, ikakatwa vipande vya unene wa kama milimita moja na kugandishwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Haihitaji sindano za homoni wala kusubiri mzunguko. Mwanamke akipona, vipande hurudishwa mwilini, ovari huamka, hedhi na homoni hurudi. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Brussels mwaka 2004, na leo wamepita 200. Mwaka 2019 chama cha Marekani cha wataalamu wa uzazi kiliacha kuiita njia ya majaribio.

Utata ni huu: lukemia ni ugonjwa wa damu, na ovari ina damu. Ukigandisha kipande, unaweza kuwa umegandisha na ugonjwa, ukaja kumrudishia mtu aliyepona kile kilichotaka kumuua. Kwa miaka mingi hilo lilitosha kwa madaktari wengi kusema hapana. Kilichobadilika ni wakati wa kuchukua. Ukichukua siku ya kwanza, kipande kimejaa seli za saratani. Ukichukua baada ya kemo, uboho ukiwa safi, hatari inapungua sana, na kipande kimoja huchunguzwa kwa vipimo vya vinasaba kabla vingine havijarudishwa. Mwaka 2018 madaktari wa Israel waliripoti mama aliyepona lukemia na kuzaa kwa njia hii. Kwa maneno mengine ile kemo tuliyodhani imefunga kila kitu, ndiyo iliyofanya njia hii iwe na usalama fulani. Usalama fulani, sisemi wote.

Daktari bingwa aliandikia hospitali ya India. Jibu lilikuja siku ya nne: wanaweza, aje wiki mbili mapema, chembe sahani ziwe zimepanda vya kutosha. Tiketi zilibadilishwa kwa faini. Mjomba mweka hazina aliuliza kwenye kikundi kama michango ya ukoo ni ya kutibu au ya "mambo ya baadaye", pakawa kimya siku nzima. Kaka akauza kiwanja cha Chanika. Nyumbani ilisemekana amekiuza kwa ajili ya nauli.

Mama ndiye alikuwa mgumu. Hoja yake ilikuwa moja tu: "Kwanza apone, sista. Mtoto wangu mwenyewe bado sijampata." Sikuwa na jibu la hilo, na sidhani lipo. Niliomba tu, safari hii, daktari aongee na Binti mlango umefungwa, mama akiwa nje. Walikaa dakika 25. Alipotoka alikuwa ameshasaini. Mama akasoma karatasi mstari kwa mstari akifuata kwa kidole, akauliza, "Wanakutoa moja au zote?" Binti akajibu moja. Mama akasema haya.

Niweke jambo pembeni hapa, maana huwa naulizwa. Haya yote ni ya lukemia kali. Mwenye lukemia sugu ya mailoidi, anayemeza imatinibu kila siku, wapo wengi wanaohudhuria hospitali ya saratani ya Ocean Road, njia yake ni nyingine. Ana muda. Dawa yake haifahamiki kwa kukausha mayai kama busulfani, ila inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hivyo mimba kwake hupangwa na daktari, na asiache vidonge kimyakimya kwa sababu ametamani mtoto. Nimewaona walioacha.

Binti alifanyiwa upasuaji wiki ya kwanza India, ovari ya kulia ikatolewa, siku ya tisa akaanza busulfani. Uboho wa kaka ulishika. Alirudi Dar mwezi wa tano baada ya hapo, amekonda, anacheka.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita mama alinipigia simu saa nane. Mtoto anawaka moto, shuka limelowa, ameshampima malaria kwa kile kipimo cha haraka, hakionyeshi. Nilimuuliza kama joto linakuja na kuondoka. Linakuja kama wimbi, akasema, linaanzia kifuani. Tulimwita kliniki kuondoa shaka ya maambukizi, hakuwa nayo. Ovari ya kushoto ilikuwa imenyamaza, na binti wa miaka 24 alikuwa kwenye ukomo wa hedhi kama mama yake. Hili nalo tulikuwa hatujamwambia vya kutosha. Tulizungumza sana watoto, tukasahau kwamba homoni hiyo hiyo hulinda mifupa na moyo wake. Sasa anameza vidonge vya homoni na atavimeza hadi karibu na miaka 50, au hadi vipande vile virudishwe, kama vitapimwa na kuonekana safi.

Mwezi uliopita alikuja na maswali mawili ameyaandika kwenye simu. La kwanza, vipande vikirudishwa ni lazima arudi India au vinaweza kusafirishwa. Daktari alimwambia subira, miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuangalia ugonjwa usirudi. La pili lilikuwa la ada ya kuhifadhi. Ya mwaka wa kwanza ililipwa pamoja na upasuaji. Ya pili inadaiwa mwezi wa tatu, na kaka yake ameshasema mwaka huu hana.